Ndimu yangu ya kwenye ndoo imekuwa njano, niiwekee nini?

Mwezi huu meseji za bustani zimekuwa nyingi na karibu zote zinaongelea kitu kimoja, mindimu, milimao, michungwa na michenza ya kwenye ndoo na makopo, na sababu naijua, baridi ya Juni na Julai imeanza kuachia, watu wametoka nje asubuhi na kikombe cha chai wakaangalia miti yao wakakuta imebadilika rangi. Nimechagua chache. Zilizofanana nimezijibu kwa pamoja, msininunie.

Shikamoo mama wa bustani. Niko Ilomba hapa Mbeya, nina mndimu kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, niliununua umeshabebeshwa (kijiti chake kimeunganishwa kwenye shina la mti mwingine), una mwaka na nusu. Tangu Juni majani yakaanza kuwa njano, jirani akaniambia una njaa nikaweka UREA vijiko viwili vya chakula, haikusaidia, mwingine akasema majivu, nikaweka majivu ya jikoni bakuli zima. Sasa majani yanadondoka na yaliyobaki yamekauka pembeni kama yameungua. Niongeze mbolea gani? (Mama Mapacha, Ilomba)

Marahaba mama. Usiongeze kitu. Chochote.

Tuanze na hiyo Juni. Mndimu ni mti wa joto, sisi huku tumeupandisha mlimani kwa nguvu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai kushuka chini ya nyuzi 10 ni kitu cha kawaida kabisa, na mizizi ya hii jamii ya machungwa udongo ukishapoa chini ya nyuzi 13 hivi inakuwa kama imelala, hainyonyi. Mti wa shambani una nafuu manake udongo wa chini unatunza joto, ila ndoo inapigwa na ubaridi pande zote mpaka chini ya kitako. Kwahiyo chakula kipo mezani lakini mkono haunyanyuki. Majani yanapauka, wewe unaona njano unasema njaa, na kumbe ungeuacha tu, Septemba jua likichachamaa ungeanza kurudi wenyewe.

Sasa ukaweka UREA. UREA ni naitrojeni asilimia 46, kwenye heka ya mahindi inatawanyika lakini ndani ya ndoo ya lita 20 mizizi haina pa kukimbilia, vijiko viwili vya chakula ni zaidi ya gramu 20 kwa mpigo mmoja na mti wenyewe umelala. Alafu juu yake majivu! Mama, majivu ni ndugu yake chokaa, yanaondoa uchachu kwenye udongo, na huu mti unapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH kwenye 5.5 mpaka 6.5, ukizidi 7 chuma na zinki vinakuwemo humo humo kwenye udongo ila mti hauwezi kuvichukua. Na UREA ikikaa kwenye udongo wenye majivu inageuka amonia, ile gesi inayowasha pua kama umefungua banda la kuku asubuhi. Ukikumbuka vizuri nadhani ulivyomwagilia uliisikia hiyo harufu. Hapo ndo mizizi ilikuwa inaungua, na nusu ya hela yako ilikuwa inapaa hewani.

Fanya hivi. Kwangua udongo wa juu wenye majivu, kina cha vidole viwili, utoe. Inua ndoo uiweke juu ya matofali mawili ili matundu ya chini yawe wazi, alafu mwagilia taratibu maji ndoo mbili nzima, lita 40, usiwe na haraka, acha yapite yote yatokee chini, unausafisha ule uchumvi. Kama maji yanagoma kupita yanasimama juu kama kidimbwi basi tatizo lako la kwanza ni udongo, soma jibu la huyo kaka wa Iringa hapo chini. Baada ya hapo sogeza ndoo kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, tofali linatunza joto mpaka usiku, na usimwagilie kwa ratiba, ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, kikitoka kikavu mwagilia, kikitoka na udongo umenata ondoka zako. Mbolea mpaka uone machipukizi mapya, hata kama ni mwezi na nusu.

Na nyie wengine wote mlioniandikia "njano njano" bila maelezo, jamani njano sio moja. Angalieni ni jani lipi. Kama ni majani ya zamani, ya chini, yamepauka lote kuanzia mishipa mpaka pembeni, hiyo kweli ni naitrojeni imepungua. Kama ni ya zamani ila njano inaanzia pembeni na katikati kwenye kikonyo imebaki kijani yenye umbo la V iliyopinduliwa, hiyo ni magnesi. Kama ni majani machanga ya juu kabisa, yana njano ya limao lakini mishipa imebaki kijani kama ramani ya mito, hiyo ni chuma, na mara nyingi chuma kipo, kimefungwa na majivu au chokaa au maji yaliyotuama. Na majani machanga yakiwa madogo, membamba, yamesimama kama masikio ya sungura na yana mabaka mabaka, fikiria zinki. Nikipata picha ya jani moja lililoshikwa mkononi karibu naelewa kuliko picha ya mti mzima na kibaraza chako na viatu vya mzee.

Kamwene mama. Nimepanga Kihesa, Iringa, sina shamba ila nina kibaraza kinachopata jua. Nataka kuweka mlimao na mchungwa kwenye ndoo. Udongo wa maua wa mfuko dukani bei imechangamka, mtaani kuna jamaa anauza udongo mweusi kwa kiroba, alafu rafiki yangu yuko Mafinga kwenye mbao anaweza kuniletea unga wa mbao bure hata viroba kumi. Nichukue upi? (Mpangaji, Kihesa)

Kamwene kaka. Umeuliza swali zuri kuliko wote manake umeuliza kabla hujapanda.

Hiyo ya udongo mweusi wa kiroba ilinikuta mwenyewe. Miaka kama mitatu iliyopita nilinunua viroba vinne kwa muuzaji mmoja wa hapa mjini, mweusi tiii, laini, ukiushika unasema huu ni mboji ya miaka miwili. Nikajaza ndoo tano. Wiki ya pili nikaenda kumwagilia asubuhi nikaona mvuke unatoka, nikaingiza mkono ndani, moto! Ilikuwa ni unga wa mbao mbichi na samadi ambayo haijaiva, umelowekwa kwenye tope la mtoni ukapata rangi. Miche miwili ilikufa, mitatu ikadumaa mwaka mzima. Rangi nyeusi haithibitishi kitu kaka, hata mkaa ni mweusi.

Kwahiyo kabla hujalipa, au basi nunua kiroba kimoja tu kwanza, chukua konzi moja weka kwenye mfuko wa nailoni ukiwa na unyevu, funga, acha siku mbili tatu ndani. Ukifungua ukikuta harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, sawa. Ukikuta harufu ya amonia au ya kitu kilichooza, rudisha. Alafu jaza kikopo kimoja panda maharage matano. Wiki moja hadi siku kumi yakitoka yote na majani ya kwanza yakawa ya kijani safi, udongo umefaulu. Yakitoka ya njano au yakaungua ncha, haujaiva. Kipimo cha maharage hakijawahi kunidanganya, na yakifaulu unayahamishia bustanini kwa mwenye nyumba anafurahi.

Sasa unga wa mbao. Ukiuweka mbichi, vile vijidudu vya kwenye udongo vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni, vitaichukua ya mti wako, utakuwa unaweka mbolea na inaliwa na unga. Mwambie rafiki yako mambo mawili. La kwanza, asikuletee kabisa unga unaotoka sehemu wanayotibu nguzo, zile nguzo za umeme zenye ukijanikijani, ile dawa ina shaba, kromiamu na aseniki, hiyo ni sumu na wewe limao unakuja kukamulia kwenye samaki. La pili, badala ya unga aombe magome ya paina. Mafinga magome ni takataka, yanarundikwa tu, ukipata yale ya rundo la zamani yaliyoanza kuwa meusi na yanavunjika kwa mkono hapo umepata mali, yana uchachu ule ule mlimao unaoutaka, yanashika unyevu na bado hewa inapita. Unga kama lazima uutumie basi uchanganye na samadi ya ng'ombe, umwagilie, ugeuze kila baada ya wiki mbili tatu, na usiuguse kwa miezi sita au zaidi.

Mchanganyiko wangu wa ndoo ya lita 20, napima kwa sado, lile kopo la lita 4: sado mbili udongo wa kawaida wa shamba, ule mwekundu wenu wa Iringa unafaa ila usiwe mfinyanzi mtupu, sado moja na nusu mboji au samadi ya ng'ombe iliyoiva kabisa, sado moja mchanga wa mtoni ule wa punje kubwa (wa kupigia plasta ni laini mno, unaziba), na nusu sado magome yaliyosagika au pumba za mpunga zilizochomwa. Pumba mnazo, huko Pawaga na Idodi kuna mpunga na mashine zinatupa pumba, sisi huku tunazitoa Mbarali. Zichome kwa kuzifunika ziwe nyeusi kama mkaa, zikishakuwa nyeupe hayo ni majivu na majivu tumeshaongea. Walioko Mbeya na Rungwe badala ya mchanga wanaweza kutumia vile vijiwe vyepesi vya volkano vyenye matundu, vinavyoelea ukivitupa kwenye maji, ni vizuri kuliko mchanga na ndoo inakuwa nyepesi kubeba.

Hiyo ya mfuko dukani sio mbaya, ila nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maua na miche midogo, ni laini, na mlimao unakaa kwenye ndoo hiyo miaka miwili mitatu. Ule ulaini unashuka, unakuwa kama keki, hewa inaisha. Ukinunua changanya na theluthi moja ya kitu kigumu, mchanga au vijiwe au magome.

Na mwisho, usifukie sehemu ulipobebeshwa. Ile alama ya kama goti juu kidogo ya shina la chini ibaki juu ya udongo kwa urefu wa kiganja ukikilaza. Machipukizi yakitokea chini ya hilo goti yang'oe yakiwa madogo, hayo ni ya shina mama, mara nyingi ni limao chungu lenye miiba, ukiliachia litaumeza mchungwa wako na utaniandikia tena kwamba umeuziwa mche feki.

Nimeambiwa niweke kokoto chini ya ndoo ili maji yapite, ni kweli? (Msomaji, Mafinga)

Hapana. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake uwe umejaa kabisa, kwahiyo unachofanya ni kuinua tope lisogelee mizizi. Toboa matundu nane au kumi, weka kipande cha neti ya mbu ya zamani juu yake udongo usitoroke, basi.

Habari za kazi mama. Niko Njombe. Duka la pembejeo la kwanza nimeambiwa DAP, la pili CAN, la tatu wakanitolea busta ya chupa yenye picha ya machungwa makubwa kama maboga. Nyumbani nina mbolea ya kuku ya bure kabisa. Michungwa yangu miwili ni ya kwenye ndoo za lita 20, imeshachanua mara moja. Mbolea ya kweli ni ipi na kiasi gani? (Nesi wa zamu, Njombe)

Salama dada, pole na zamu.

Maduka hayajakudanganya sana, ni kwamba wamezoea kuuza mbolea ya mahindi na viazi, mtu akiingia Njombe anaulizia mbolea mkono unaenda wenyewe kwenye DAP. DAP ni 18 kwa 46, yaani naitrojeni 18 na fosforasi 46, na mti huu hautaki fosforasi kiasi hicho, unataka naitrojeni kwanza, potasiamu ifuate, fosforasi kidogo tu. Fosforasi ikijaa kwenye ndoo inazuia chuma na zinki, ndo unarudi kulekule kwenye majani ya ramani ya mito. DAP waachie wenye mahindi.

Chukua NPK, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu pamoja, namba zake zinafuata mpangilio huo huo. 17:17:17 inapatikana karibu kila duka na inafaa, ila kama dukani kuna ile yenye namba ya katikati ndogo kuliko mbili za pembeni, chukua hiyo, na geuza mfuko usome nyuma, ukikuta wameandika magnesi, salfa, zinki na boroni ujue hiyo ni bora zaidi kwa michungwa. Usinunue mfuko mzima wa kilo 50 kwa ndoo mbili utakuwa unatunza jiwe, pimiwa kilo moja, na angalia vidonge viwe vikavu na vinachezacheza mkononi, vikiwa vimegandana na vinatoa jasho ujue mfuko umekaa wazi muda mrefu.

Kipimo tutumie kile kile cha shambani, kizibo cha soda, kikijaa bila mlima ni kama gramu 5. Kwa ndoo ya lita 20 yenye mti uliokwisha kuchanua, vizibo viwili vya NPK kila baada ya wiki sita, na katikati yake, yaani wiki ya tatu, kizibo kimoja cha CAN, ile ya naitrojeni na kalsiamu. Ndoo ya lita 10 nusu yake. Nyunyiza pembeni kuzunguka ukingo wa ndoo, sio kwenye shina, udongo ukiwa umeshalowa, alafu mwagilia tena. Ukiweka kwenye udongo mkavu unaunguza hata kwa kipimo sahihi. Anza Septemba machipukizi yakitoka, endelea mpaka Aprili, Mei simamisha. Njombe mko juu kuliko sisi Mbeya na baridi yenu inang'ata zaidi, kwahiyo msiwe na haraka ya kuanza, angalia mti sio kalenda.

Kuna kitu watu wa huku tunakisahau, masika yetu ni moja ndefu, Novemba au Desemba mpaka Aprili, ndoo ikiwa nje mvua inapitisha naitrojeni yote chini ndani ya wiki chache. Januari na Februari afadhali ugawe, kizibo kimoja kila wiki tatu kuliko viwili kwa mpigo, au sogeza ndoo chini ya upenu zile wiki za mvua ya mfululizo. Mchungwa wa kwenye ndoo unakula kama mtoto mdogo, kidogo kidogo mara nyingi.

Busta ya chupa, ile ya kupuliza majani, haichukui nafasi ya mbolea ya kwenye udongo, jani linakunywa kidogo sana. Ila kama ina zinki, manganizi na chuma, kupuliza kwenye majani machanga wakati wa kuchipua kunasaidia kweli, asubuhi mapema au jioni, kwa kipimo cha kwenye chupa na sio "nimeongeza kidogo ili ifanye kazi haraka". Kama dalili ni ya magnesi, ile V ya kijani, hauhitaji busta, nunua chumvi ya Epsom, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 4 za maji, mwagilia au puliza, mara moja kwa mwezi mpaka majani mapya yatoke mazima. Ya zamani hayarudi kijani sana, usiyasubiri.

Sasa mbolea yako ya kuku. Ni nzuri sana, ina naitrojeni kuliko samadi ya ng'ombe, na ndo maana mbichi inaua. Mimi niliua mlimao wa miaka minne kwa sado mbili za mbolea ya kuku niliyoitoa bandani asubuhi hiyo hiyo, siku tisa tu ulikuwa fagio. Rundika miezi miwili mitatu, na majani makavu, ukigeuza, mpaka harufu ya kuku iishe kabisa na ukishika haina joto, hapo unaweza kuweka konzi mbili juu ya udongo kila miezi mitatu. Au fanya ya maji: kilo moja hivi iliyoanza kukauka ifunge kwenye kiroba, izamishe kwenye ndoo ya maji ya lita 20, funika, koroga kila siku, wiki mbili. Alafu usimwagie hivohivo, ongeza maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi iliyopauka, ile unayopewa nyumba ambayo majani yameisha. Nusu lita kila wiki mbili kwa ndoo. Ukiamua kutumia hii, NPK ipunguze nusu.

Na ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa ndoo au juu ya udongo, umeshazidisha, fanya kama nilivyomwambia mama wa Ilomba, maji mengi yapite.

Mama mwaka jana nilipanda mchenza hapa Tukuyu, ulikuwa kwenye kopo kubwa. Nimeweka mbolea yote, NPK, samadi, hata hiyo Epsom. Majani yana vijipele juu, ukigeuza chini vishimo, na njano yake ni mabaka upande mmoja tu. Machenza mawili yaliyotoka ni madogo, yamepinda na chini yamebaki kijani, machungu. Ndaga fijo. (Baba wa Tukuyu)

Baba, hili ndo swali lililonikaa rohoni.

Chuma jani moja lenye njano, likunje katikati kwa kufuata ule mshipa mkubwa, lishike kuelekea juani. Kama njano ya kushoto na ya kulia zinafanana kama picha na kivuli chake, ni upungufu wa chakula na mbolea itasaidia. Kama upande huu una mabaka makubwa na upande ule una lingine dogo sehemu tofauti kabisa, hayafanani, hapo mbolea haina kazi. Wewe umeshaniambia ni upande mmoja, na tunda limepinda na kitako kimebaki kijani na ni chungu. Kata moja katikati uangalie mbegu, nadhani utakuta zimesinyaa nyeusi. Huo ni ule ugonjwa wa machungwa kubaki kijani. Unaletwa na bakteria anayeziba njia ya chakula ndani ya mti, ndo maana unalisha na mti unazidi kulia njaa.

Vile vijipele na vishimo ni vya mdudu anayeubeba, mdogo kama kidukari ila huyu anaruka, watoto wake wanajichimbia chini ya jani changa. Kwa bahati mbaya anapenda ubaridi wa milimani kama wa Rungwe, joto kali linamchosha. Vijipele peke yake sio ushahidi kwamba mti unaumwa, miti mingi ina vijipele na ni mizima, ila vikiwa pamoja na hayo mengine yote uliyoyataja sina la kukufariji. Dawa ya kuuponya hamna. Ung'oe, uchome, na usichukue kijiti chake kubebesha mche mwingine hata ndugu akikuomba. Kabla hujaung'oa, kama una wasiwasi, chukua tawi ulifunge vizuri uwapelekee TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mbeya, waliangalie, na ukifika hapo wape na udongo wako wapime pH, umeshafunga safari.

Udongo wa kopo unaweza kuutumia tena, ugonjwa huu hauishi kwenye udongo. Mche mpya nunua kitalu kinachokuonyesha mti mama kilipotoa vijiti, na kila ukichipua, geuza majani machanga uangalie chini, ukiona wale watoto wamelala bapa rangi ya njano ya maji, bana jani uling'oe siku hiyo hiyo.

Za haraka haraka, nimezikusanya.

Majani ya chai yaliyotumika: weka tu, chai ya Mufindi na Rungwe inaota kwenye udongo mchachu kweli lakini majani yakishachemshwa hayaongezi uchachu wa maana, ni mboji kidogo, usiweke yenye maziwa na sukari utakaribisha siafu. Maganda ya mayai: yatwange yawe unga, na hata hivo ni kalsiamu inayotoka polepole sana, vipande vizima utavikuta mwakani kama ulivyoviweka. Maganda ya ndizi: yaingie kwenye rundo la mboji, sio kwenye ndoo. Maganda ya kahawa ya Mbozi: ndio, yakiwa yameoza, yana potasiamu nyingi. Udongo wa msituni: msichimbe kwenye misitu ya hifadhi, mtakamatwa, na magome niliyoyataja yanafanya kazi hiyo hiyo.

Na kijana wa Mwanjelwa aliyeniuliza kwa aibu kuhusu mkojo, akasema nisiweke jina lake: ndio mwanangu, unafaa, una naitrojeni ya kutosha, kikombe kimoja kwenye vikombe kumi vya maji, kwenye udongo uliokwisha kulowa, kila wiki mbili, wakati mti unachipua tu. Mwagilia jioni. Na kama kibaraza ni cha wapangaji wote, tafuta kopo lako mwenyewe lenye mfuniko.